Ni Mfano Tu

Mimi na wifi yangu hatupatani, na sitaki mtu asome hapa akadhani nimehongwa nimsifu. Anakunja nguo vibaya. Chumvi anatia kama anaionea huruma. Ukimuuliza kitu anakaa kimya mpaka unasahau ulichouliza, halafu anakujibu kwa neno moja na kurudi kwenye kompyuta yake. Tangu kaka yangu amuoe tumeishi nyumba moja, yeye, kaka, mama yangu na mimi, na siku ambazo hatujanuniana ni za kuhesabu. Lakini kununiana ni kitu kimoja na dhuluma ni kitu kingine. Walichomfanyia wifi yangu kazini ni dhuluma, na mimi dhuluma siwezi kuifungia mdomo, hata kama aliyedhulumiwa ni mtu ninayemsema kutwa.

Kwanza niseme kazi yake, maana hapa mtaani wapo wanaodhani anacheza karata kwenye kompyuta. Kuna kampuni inatengeneza hifadhidata, yaani ghala la kompyuta ambamo maofisi huweka kumbukumbu zao: barua, majina, malalamiko, chochote. Ukishakuwa na ghala unataka kutafuta neno ndani yake. Unaandika "mkate", linakuletea kila mahali palipoandikwa mkate. Jinsi ya kuliamrisha ghala litafute, kampuni imeandika mwongozo, na kila ukurasa una mifano ya amri ambazo mafundi wa kompyuta kila nchi wanazinakili kama zilivyo. Wifi mwenyewe aliniambia hivyo, wala hakuwa anawacheka. Fundi ana haraka, bosi kamsimamia mlangoni, anachukua mfano, anabadilisha majina, anakwenda kula. Kwa hiyo mfano ukiwa na kasoro, kasoro hiyo inasafiri.

Kazi ya wifi ilikuwa kuhakiki kurasa za kutafuta maneno. Mtu wa kampuni akitaka kubadilisha kitu pale, hata alama moja, pendekezo lilikwenda kwa wifi kwanza. Akisema sawa, linachapishwa. Wahakiki wenzake, nasikia, wanasoma kwa macho tu; wakiona maneno yamenyooka wanapitisha. Yeye haamini macho. Kila mfano anauendesha kwenye ghala lake dogo aone unaleta nini, na usipoleta kilichoahidiwa anaandika neno moja: Bado. Basi wenzake wakamwita Bado. Niliposikia nilicheka, nikaanza kumwita hivyo hivyo nyumbani ili nimchokoze. Hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi.

Meza yake iko sebuleni chini ya dirisha. Cherehani yangu iko kibarazani, upande wa pili wa dirisha hilo hilo, maana mimi ni fundi nguo na nafanyia kazi nyumbani. Kwa hiyo kila anachozungumza na watu wa kazini nakisikia nitake nisitake, na mara nyingi nataka.

Siku moja niliingia kuchukua maji ya kunyunyizia nguo nikaona kwenye kioo cha kompyuta yake: "Wifi ameunguza shuka kwa pasi." Chini yake: "Wifi amegombana na muuza maziwa." Chini tena: "Wifi anasema chumvi haitoshi." Mstari baada ya mstari, wifi, wifi, wifi. Nikaweka kopo chini.

"Haya ni nini?"

"Maandishi ya kujaribia," akasema. "Ghala tupu halijaribiki. Lazima niweke kitu ndani."

"Na hicho kitu ni mimi."

"Wewe una habari nyingi."

Nikamwambia kaka akirudi safari atanikuta nina la kumweleza. Kaka yangu ni dereva wa malori, wiki nyumbani, wiki njiani, na kesi zetu zote zinamsubiri kama abiria kituoni. Wifi akanivutia kiti. "Kaa, uone mwenyewe. Tafuta neno unalotaka."

Nikaandika "maziwa", ikaja ile habari ya muuza maziwa, ambayo kwanza haikuwa vile alivyoiandika. Nikaandika "shuka", likaja. Nikaandika "wifi". Kioo kikasema: Hakuna.

"Hakuna vipi? Si nimejaa humo?"

"Ndiyo sababu."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifungua mdomo akazungumza kama mtu. Njia hii ya kutafuta, alisema, ni rahisi kuliko zote na watu wanaipenda, lakini ina tabia yake. Neno likiwa katika zaidi ya nusu ya kumbukumbu zote zilizomo, mashine inalihesabu ni neno la kujazia tu, kama "na" au "ya", inalitupa. Haikwambii imelitupa. Inakwambia hakuna.

"Yaani nikitajwa kidogo nipo, nikitajwa sana sipo."

"Ndiyo."

"Aliyeitengeneza alikuwa na akili timamu?"

Akasema alikuwa nayo. Kwa ghala la vitabu inafaa sana, ubaya ni kuitumia bila kujua. Ndiyo maana chini ya mfano huo kulikuwa na angalizo, mistari michache ya kueleza tabia hiyo, na baada yake mfano wa pili, wa njia isiyotupa neno lolote. Angalizo hilo aliliandika yeye. Na pendekezo lililokuwa mbele yake siku hiyo lilitaka liondolewe, pamoja na mfano wa pili, ubaki ule wa kwanza peke yake, mfupi, mzuri wa kutazama.

Mleta pendekezo alikuwa mkuu wa kitengo chao. Huyu bwana mimi nilimpa jina la Fupisha, kwa sababu sijawahi kumsikia akiomba jambo jingine. Alikuwa na sauti laini ya mtu asiyewahi kujibiwa vibaya. Kurasa ni ndefu, fupisha. Wasomaji wanachoka, fupisha. Wapinzani wetu kibiashara wana mwongozo mfupi kuliko wetu, fupisha. Wifi akamjibu kwa maandishi: Bado. Fupisha akampigia simu ya video, nami nikapunguza mwendo wa cherehani.

"Dada yangu, ni mfano tu," akasema Fupisha. "Siyo sheria."

"Wanaunakili."

"Mtu mzima ana akili yake. Akitaka kujua zaidi atauliza."

"Hataona kama kuna cha kuuliza. Mfano hautoi kosa. Unatoa kimya."

"Dada yangu, unakuza mambo."

"Bado," akasema wifi, na simu ikakatika.

Ni mfano tu. Hilo "tu" hebu mtu anifafanulie, maana mimi limenikaa kooni mpaka leo. Nikikata kielelezo cha gauni kwenye karatasi nikakipinda begani, kila gauni litakalokatwa juu yake litapinda bega. Mteja hatakuja kuilalamikia karatasi. Atakuja na gauni mkononi na mdomo wazi, na atakuwa na haki. Mimi sijasoma sana na hilo nalijua, na Fupisha naye alilijua vizuri kabisa, ila magauni hayakuwa yanavaliwa na yeye.

Siku hizo hizo maji ya bomba yakaanza kunuka. Kwanza tulidhani ni ndoo, tukazisugua. Tukadhani ni mfuniko wa pipa. Maji yalikuwa meupe ukiyatazama, lakini ukiyasogeza puani ni mtaro mtupu, na ukiyachemsha jiko zima linanuka mtaro. Siyo kwetu peke yetu. Mtaa mzima, na mitaa yote ya kanda yetu kuanzia shule mpaka gereji. Mamlaka ya maji ina namba ya kutuma malalamiko kwa simu, tukatuma. Mimi nilituma, jirani wa kushoto akatuma, wa kulia akatuma, mwenye saluni alituma kila asubuhi kabla ya kufungua. Kimya.

Mama yangu ana umri mkubwa na mwili mdogo. Akaanza kuharisha, tukadhani ni la kupita, halikupita, akalazwa. Kaka alikuwa njiani na mzigo. Mimi nilikuwa na sare za shule za kumaliza na fedha za watu nilishazila. Wifi akaomba likizo, akafunga kompyuta, akaenda kukaa wodini. Jioni nikipeleka nguo namkuta amekaa kitako kwenye kibao, beseni kati ya miguu, anampangusa mkwewe nyayo. Simsifu. Nasema nilichokiona.

Sasa sikiliza alichofanya Fupisha. Kampuni yao ina kanuni: pendekezo likikaa wiki nzima mhakiki hajajibu, mashine inahesabu amekubali. Iliwekwa, nasikia, kwa ajili ya wahakiki wavivu wanaokalia kazi za wenzao. Fupisha alilifuta lile pendekezo lake la kwanza, lenye "Bado" ya wifi chini yake, akalileta upya neno kwa neno kama jambo geni. Alilileta wifi akiwa wodini. Na likizo hiyo aliidhinisha nani? Yeye mwenyewe Fupisha. Wiki ikapita, mashine ikahesabu, ukurasa ukachapishwa bila angalizo na bila mfano wa pili, na chini kabisa ukaandikwa umehakikiwa na kuidhinishwa, na jina la wifi yangu.

Mama aliporuhusiwa wifi akafungua kompyuta akaukuta. Nilijua kuna jambo kwa sababu alisimama. Wifi hasimami akiwa kazini. Alimwandikia Fupisha, na jibu lilikuja kabla sijamaliza kuingiza uzi kwenye sindano. Neno moja: Hukupinga.

Hukupinga. Mtu anamwaga beseni la mgonjwa, wewe unamvizia kwa kanuni, halafu unamwambia hukupinga. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, lakini hawakusema umpishe akukanyage. Nilitaka niingie kwenye hiyo kompyuta nimshike shati. Wifi aliomba tu angalizo lirudishwe. Fupisha akamjibu kwamba wazo lake ni zuri sana na litaingia kwenye foleni ya toleo lijalo, miezi kadhaa mbele.

Nyumbani huku mama hakukaa sawa. Daktari alituambia maji yale asiyaguse, tukawa tunamnunulia ya madumu. Lakini vyombo vinaoshwa na bomba, mikono inaoshwa na bomba, na mama ni mtu wa kuosha mikono. Akaharisha tena, akalazwa tena. Akarudi amebaki macho. Daktari akanivuta pembeni akasema wazi kwamba mara ya tatu mwili ule hautaweza, na kama tuna mahali pengine pa kumpeleka tumpeleke. Hatukuwa na mahali pengine. Tulikuwa na bomba lile.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na sisi matumbo yalikuwa yameshaumia. Nikavaa viatu nikaenda mamlaka ya maji. Dirishani nikamkuta kijana amevaa kitambulisho shingoni, mpole, hana neno. Nikamweleza. Akaandika kwenye kompyuta, akasubiri, akanigeukia.

"Mama, kwenye kanda yenu hakuna malalamiko ya harufu."

"Unasemaje?"

"Hakuna hata moja. Tuna mfumo mpya, kila kanda ina hifadhi yake. Nimetafuta harufu, hakuna."

"Nimetuma mwenyewe kwa mkono wangu huu."

"Labda halikufika."

"Na la mwenye saluni? Na la jirani? Yote yamepotea njiani, yameshikana mikono?"

Akaniomba radhi. Wahandisi, alisema, wanachimba kufuatana na ripoti ya kila wiki, na ripoti inatoka humo humo: harufu ngapi, mita ngapi, mivujo mingapi. Kwetu harufu ni sifuri, hawawezi kuleta wachimbaji kwenye sifuri. Nikamwambia ayasome basi, moja moja. Akasema dirisha lake halioneshi yote, linaonesha yaliyotafutwa tu. Nikamwambia atafute neno jingine, lolote, nione kama kanda yetu ina watu au tumekufa. Akaandika "mbwa". Likaja: mbwa wa nyumba fulani anamzuia msoma mita. Limepokelewa, limefanyiwa kazi.

Nilirudi nyumbani natembea nasema peke yangu. Mbwa mmoja kasikilizwa, mtaa mzima haukusikilizwa. Wifi alikuwa anachuja maji ya mama. Nikammwagia yote, na yeye siku hiyo hakuendelea na alichokuwa anafanya. Akaweka sufuria chini.

"Alipoandika mbwa, akapata?"

"Akapata."

"Na harufu imelalamikiwa na watu wengi?"

"Na kila mtu. Kwani una pua gani wewe?"

Akakaa kwenye kigoda. Akasema, "Kesho nitakwenda na wewe."

Tulipofika hakuenda dirishani. Aliomba kuonana na fundi wa kompyuta wa mamlaka. Akatoka mwanamume mwenye miwani na uso wa mtu asiyelala vya kutosha, akatupeleka kwenye chumba chake chenye feni na nyaya. Wifi akamuuliza wanatafutaje maneno. Fundi hakuficha. Alifungua ukurasa wa mwongozo, akatuonesha mfano, akatuonesha na amri zake, zimefanana kama pacha. "Tumefuata mwongozo," akasema. "Mfumo tumeuweka hivi karibuni tu, huu ndio ukurasa mpya kabisa. Na umehakikiwa, tazama hapa chini. Huyu ndiye aliyeuidhinisha."

Kidole chake kilikuwa juu ya jina la wifi yangu.

"Huyo ni mimi," akasema wifi.

Fundi alitazama jina, akamtazama yeye, akavua miwani. Wifi hakujitetea. Hakusema habari ya likizo wala ya Fupisha. Mimi nilitaka kusema, akanizuia kwa mkono. Akamwomba fundi asogee, akaandika amri ya njia ya pili, ile iliyofutwa, akatafuta "harufu" kwenye hifadhi ya kanda yetu. Yakamiminika. Harufu, harufu, harufu. La mwenye saluni lilikuwamo kila asubuhi. Langu lilikuwamo, na ile lugha niliyotumia sitairudia hapa.

Fundi akasema, "Mungu wangu," polepole. Akatoka kwenda kwa mkubwa wake. Tulimsikia kupitia ukuta wa mbao akieleza, na tulimsikia mkubwa akimuuliza: "Mwongozo unasemaje?" Akarudi amenywea. Kuna fundi kabla yake, alisema, aliwahi kubuni amri zake mwenyewe akavuruga ankara za mji mzima, na tangu hapo ikawekwa kanuni: hakuna amri inayobadilishwa bila ukurasa wa mwongozo kuiunga mkono. Ukurasa ukisema neno litatupwa na ukaonesha njia ya pili, atabadilisha siku hiyo hiyo. Usiposema, mkubwa hatatia sahihi.

"Na malalamiko si umeyaona kwa macho yako?" nikamuuliza. "Si yapo hapo?"

"Nimeyaona, mama. Ripoti haijayaona."

Basi yakarudi yote kwa Fupisha. Wifi akampigia mchana huo huo, mimi nikiwa kibarazani na cherehani nimeizima kabisa, sina haja ya kujifanya. Akamweleza maji, mamlaka, mama. Fupisha akasikiliza mpaka mwisho na akasema pole kwa sauti yake ile ya siagi. Akasema anataka sana kusaidia. Ila kurudisha kitu nje ya foleni kunaruhusiwa kwa sababu moja tu, nayo ni kosa la uhakiki. Mhakiki akikiri kwa maandishi kwamba alipitisha ukurasa bila kuujaribu, ukurasa unarekebishwa leo. Asipokiri, hakuna kosa, na kama hakuna kosa hakuna dharura.

"Lakini sikupitisha," akasema wifi.

"Mfumo unaonesha ulipitisha."

"Wewe unajua sikupitisha."

"Dada yangu, mimi nakuonesha mlango. Kupita ni hiari yako."

Nikainuka nikaingia ndani, nikamwinamia ule uso kwenye kioo nikamwambia yeye ni mtu mdogo kuliko kifungo cha shati. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni wifi. Wifi yangu akanyoosha mkono akakata simu.

Tuligombana jikoni ugomvi ambao hatujawahi kugombana, na safari hii nilikuwa upande wake. Nikamwambia asithubutu. Nikamwambia kati ya wahakiki wote wa kampuni ile ni yeye peke yake anayejaribu, na maneno wanayotaka ayaandike kwa mkono wake ndiyo hayo: bila kuujaribu. Wangemwambia amekosea kuandika, ningekubali. Wangemwambia amesahau. Hapana, wamechagua lile moja ambalo hajawahi kulifanya maishani. Nikamwambia tumsubiri kaka, twende kwa mwanasheria, tuwapeleke mpaka wajute.

"Itachukua muda gani?" akauliza.

"Sijui. Muda wake."

Akatazama mlango wa chumba cha mama. Mama alikuwa amelala, tunasikia anavyopumua. "Mara ya tatu hataweza," akasema. "Wewe ndiye uliyeniambia." Akaenda mezani akaandika: Kosa ni langu, nilipitisha bila kujaribu. Akaituma. Halafu akaja kumalizia kuchuja maji.

Angalizo lilirudi kabla ya jua kuzama, na mfano wa pili chini yake. Fundi wa mamlaka akabadilisha amri zake kama alivyoahidi. Ripoti ya wiki hiyo kanda yetu iliongoza zote. Kule kazini Fupisha akapongezwa mbele ya wote kwa kuchukua hatua haraka, na wifi yangu akaondolewa kwenye uhakiki, akapewa kazi ya kupunguza ukubwa wa picha za mwongozo. Wakamwambia ashukuru hakufukuzwa. Na yeye akashukuru, kwa sababu ana adabu. Mimi sina, ndiyo maana naandika haya.

Wachimbaji walikuja na majembe na bomba jipya. Walikuta la zamani limepasuka pale linapopita chini ya mtaro wa maji machafu. Watu wakatoka kutazama. Mama naye akataka kutoka, tukamwekea kiti mlangoni, amejifunga shuka, na wifi akasimama nyuma yake amemshika bega asije akayumba.

Mwenye saluni akamuuliza msimamizi wao kwa nini wamechelewa vile, watu wameugua.

"Siyo sisi," akasema msimamizi. "Malalamiko yenu yalikuwa hayaonekani kwenye kompyuta. Tumeelezwa ofisini kwamba kuna mtu huko kwenye kampuni inayotengeneza mambo hayo, kazi yake ni kujaribu kabla ya kuruhusu, akaruhusu bila kujaribu. Amekiri mwenyewe, imeandikwa."

Watu wakaguna. Mmoja akasema watu hao wanakaa kwenye feni wanalipwa bure. Mama yangu akatikisa kichwa polepole, kwa sauti yake iliyobaki ndogo akasema, "Nimelazwa mara mbili kwa uvivu wa mtu mmoja. Huyo mtu, popote alipo, Mungu asimpe raha."

Nilimtazama wifi. Mkono wake haukutoka begani kwa mama. Aliniona nimevuta pumzi, akanikazia macho, akatikisa kichwa kuniambia niache.

"Mama," nikasema, "irudishe hiyo dua."

"Nirudishe nini?"

"Irudishe. Huyo mtu ndiye amekushika bega."

Nikasema yote, pale pale mlangoni, mbele ya mwenye saluni na msimamizi na majembe: angalizo, wodi, wiki ya kimya, Fupisha, na yale maneno aliyoandika na sababu ya kuyaandika. Wifi aliniambia basi, sikusikia. Mama hakugeuka. Aliinua mkono wake, ule mkono wa mifupa mitupu, akaukamata uliokuwa begani kwake, akaubana, na midomo yake ikawa inasogea bila sauti. Wachimbaji walikuwa wamesimama wananisikiliza, wameegemea majembe.

"Endeleeni kuchimba, jamani," akasema wifi.